Marangu na Materuni kipindi cha mvua: mwongozo kwa anayeenda mara ya kwanza

Kila ikifika mwezi wa tano, wa sita, maswali ni yaleyale. Mvua itatuzuia? Lazima nipande Mlima Kilimanjaro ndo nione maporomoko? Naweza kutoka Moshi asubuhi nikaona kila kitu nikarudi jioni? Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka, sasa nakuandikia hapa yote kwa mkupuo, we ukishasoma mpe na mwenzako.

Kwanza tuelewane. Huu siyo mwongozo wa kupanda mlima. Marangu na Materuni ni vijijini, kwenye migomba na kahawa chini ya msitu, upande wa kusini wa mlima ambako mawingu yanapenda kumwaga maji, na ndo maana kuna mito mingi na maporomoko mengi. Kwenda kwenye maporomoko ya Kinukamori, Ndoro, Kilasia au Materuni hulipi hela ya hifadhi wala huhitaji kibali cha TANAPA (shirika la hifadhi za taifa), unalipa kiingilio cha hapohapo tu. Ukivuka geti la Marangu kuingia msituni ndo mambo yanabadilika, huko ni hifadhi, kuna ada na kuna mwongozaji wa lazima. Watu wengi wanachanganya hivi vitu viwili halafu wanaahirisha safari kwa kuogopa bei ambayo hata haiwahusu.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujatoka nyumbani

- Viatu vyenye meno chini. Hili nitalirudia mpaka ulichukie. Raba nyeupe za kupigia picha ziache. Kama huna viatu vya kutembelea milimani, gambuti za sokoni zinafaa kuliko unavyodhani, ila vaa soksi ndefu usichubuke.
- Koti la mvua lenye kofia. Mwavuli beba wa njiani, ila kwenye korongo hauna kazi, unahitaji mikono yote miwili.
- Sweta au jaketi zito. Moshi mjini unaweza kuwa unatoka jasho, ukifika juu jioni unatetemeka. Kila ukipanda mita 1,000 joto linashuka kama digrii 6, na ukungu ukiingia ndo kabisa.
- Nguo za kubadilisha, jozi mbili za soksi za akiba, na khanga au kikoi. Khanga ni taulo, ni shuka, ni pazia la kubadilishia nguo, na ukitoka kuoga unajifunga unapita kijijini kiheshima.
- Kopo la plastiki lenye kifuniko kinachobana, la kuwekea simu, hela na kitambulisho. Usitegemee mifuko ya rambo, imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019.
- Kitambulisho. Penye bei mbili, ya mgeni na ya mwananchi, ndicho kinachokutetea. Mnaotoka Kenya au Uganda bebeni na kadi ya homa ya manjano, msije kusumbuana mpakani.
- Hela taslimu za noti ndogondogo. Mawakala wa simu wapo Marangu Mtoni, ila ukiwa bondeni na mama anakuuzia parachichi, noti ya elfu kumi ni kumsumbua tu.
- Pawabenki. Mvua kubwa na umeme wa kijijini havipatani.

Nauli na viingilio sikuandikii. Vinabadilika, halafu mtu anakuja kunigombeza kwamba nilimdanganya. Uliza siku unayokwenda.

Hatua kwa hatua

1. Chagua mwezi kwa akili, usichague kwa likizo tu.

Masika ni Machi mpaka Mei, na Aprili ndo yenyewe hasa. Maji yanakuwa mengi ya kutisha lakini ya kahawia, njia ni tope, na kuna siku hutashuka bondeni kabisa maana hapashukiki. Kwangu mimi wakati mzuri ni mwisho wa Mei mpaka Juni. Mvua kubwa imekata, mito bado imejaa, maji yameanza kuwa meupe. Kuna baridi na manyunyu, mlima wenyewe utajificha siku nzima, lakini we umekuja kuona maji siyo theluji. Septemba na Oktoba njia ni kavu ila maporomoko yamekonda, mengine ukiyaona unajiuliza ndo haya? Januari na Februari mlima unaonekana vizuri na jua lipo.

Halafu Desemba. Desemba Wachagga wote duniani wanarudi nyumbani, mabasi yamejaa, gesti zimejaa, barabara ya Himo foleni. Kama huna mwenyeji usiende wiki ya Krismasi. Kama unaye mwenyeji, nenda, hutajuta, utakula mpaka uombe poo.

2. Amua utalala wapi, na lala hapohapo usiku mbili.

Kosa namba moja la wageni: wanaona kwenye ramani Marangu na Materuni zote zipo mgongoni mwa mlima wanadhani ni jirani. Siyo jirani. Katikati kuna mabonde, na mabonde ya huku hayakatizwi kirahisi, barabara zinapanda na kushuka na mlima badala ya kuzunguka. Kutoka Marangu kwenda Materuni unashuka mpaka Himo, unarudi Moshi, ndo unapanda upya kwa njia ya Uru. Kwa hiyo Marangu lala hukohuko usiku mbili, na Materuni ifanye siku ya tatu ukitokea Moshi mjini. Anayetaka zote kwa siku moja atakuwa ameenda kuangalia madirisha ya daladala.

3. Fika Himo.

Ukitoka Dar ni Stendi ya Magufuli pale Mbezi, safari ni kama kilomita 550 mpaka Moshi. Hapa kuna kaujanja: Himo iko kabla ya Moshi ukitokea Dar, kwa hiyo usipelekwe mpaka Moshi halafu urudi kilomita 27 nyuma kwa nauli nyingine. Mwambie konda mapema unashuka Himo, tena mkumbushe mkifika Mwanga, maana konda akishalala amelala. Vizuri zaidi tafuta basi linalokwenda Rombo au Tarakea, hilo linapita Marangu Mtoni kabisa, unashuka mlangoni.

Ukitoka Nairobi wengi wanapita Namanga na Arusha, ni sawa, lakini ukiangalia ramani utaona Taveta na Holili ziko karibu zaidi na Himo. Treni ya SGR mpaka Voi, matatu mpaka Taveta, unavuka Holili, Himo hiyo hapo.

4. Panda Marangu Mtoni.

Himo kuna Noah na Coaster zinazopanda muda wote wa mchana. Noah inajaa watu mpaka unaanza kusali, ndo kawaida yake. Ukiona umebanwa sana subiri nyingine, hazikauki. Mtoni ndo kitovu, pale kuna soko, wakala, boda, maduka. Nunua hapo maji na betri za tochi, ukipanda juu maduka yanapungua.

Jitahidi ufike kabla ya saa kumi na moja jioni. Usiku huku ni giza la migomba, hujui njia inapoishia wala mfereji unapoanzia.

5. Tafuta mtu wa kukutembeza, mmoja, na mkubaliane bei kabla.

Pale Mtoni na kwenye viingilio utazingirwa na vijana, kila mmoja ndo mwongozaji rasmi. Usigombane nao wala usiwakimbie. Mwambie mwenye gesti akuitie mtu anayemfahamu, kwa sababu huyo akikuchezea mnajua kwa kumpata. Mkubaliane vitu vitatu kwa kutamka: mnakwenda wapi na wapi, bei ni ya mtu mmoja au ya kundi, na kiingilio kimo au hakimo. Hicho cha mwisho ndo chanzo cha ugomvi wote ninaousikia. Kiingilio dai risiti.

Unaweza kwenda mwenyewe? Kinukamori ndiyo, iko karibu na Mtoni, njia inajulikana. Kilasia wakati wa mvua hapana, ule mteremko haufai kubahatisha.

6. Jifunze salamu usiku huohuo.

Kiswahili kila mtu anakijua, hutapotea. Ila hizi njia unazopita siyo barabara za serikali zote, nyingi ni katikati ya vihamba vya watu. Kihamba ni shamba la ukoo, nyumba ipo humo, ng'ombe yumo humo amefungiwa bandani analetewa majani, kahawa imo, migomba imo, na makaburi ya babu zao yamo humohumo. Yaani unapita sebuleni kwa mtu. Sasa mgeni anayepita kimya na kamera imenyooshwa anachukuliwaje? Mzee au mama mpe shikamoo, ukitaka kumfurahisha mwambie "shimbonyi", akikupa kitu sema "aika mbe" kwa mwanaume, "aika mae" kwa mwanamke. Utasahihishwa matamshi, maana Kichagga cha Marangu siyo cha Machame wala cha Rombo na kila mmoja anadhani chake ndo halisi. Acha wakucheke, ndo mazungumzo yanavyoanza.

7. Amka mapema, saa moja uwe umeshakunywa chai.

Wakati wa mvua asubuhi ndo yako. Mara nyingi mawingu yanajikusanya kadiri siku inavyokwenda, mchana ukungu, jioni inamwagika. Na kama mlima utaamua kuonekana, utaonekana alfajiri dakika ishirini halafu kwaheri. Siku ya kwanza anza na Kinukamori, ni karibu, ngazi zipo, unapima miguu yako na viatu vyako. Hapo utasimuliwa habari za binti Makinuka, aliyepata mimba kabla ya kuolewa akaja juu ya poromoko ajitupe, akabadili mawazo, kugeuka aondoke anakutana uso kwa uso na chui, akaanguka kwa woga. Mwache mwenyeji akusimulie mwenyewe hata kama umeshaisoma hapa, kila mtu ana namna yake ya kumleta yule chui.

8. Kushuka korongoni.

Sasa hapa nisikilize. Udongo wa huku ukilowa ni sabuni. Mara yangu ya kwanza Materuni nilikwenda na raba mpya zenye soli laini kama kigae, nikateleza nikashuka kama mita nne kwa makalio, nikiwa pale chini nahangaika kunyanyuka akapita bibi na mkungu wa ndizi kichwani amevaa ndala, akaniuliza "mwanangu umepumzika?" Sijawahi kumsahau.

Kata fimbo au omba fimbo, iweke upande wa bonde. Hatua fupi, kanyaga kiubavu, goti likunje kidogo. Usishike migomba kujizuia, mgomba ni maji matupu unang'oka na wewe, tena ni chakula cha mtu. Shika mizizi au mti wa kahawa chini kabisa shinani kama hakuna namna, matawi yanakatika. Ukiona mwenyeji kavua viatu, usimuige, nyayo zake siyo zako.

Chini kwenye dimbwi: maji ni baridi ya kukata pumzi, ingia polepole, usiruke, mawe hayaonekani. Na hili ni la uhai kabisa: jua linaweza kuwaka hapo ulipo huku juu msituni inanyesha ya nguvu. Mto unajaa kwa ghafla. Ukiona maji yamebadilika rangi kuwa ya udongo, au majani na vijiti vimeanza kuja kwa wingi, au mngurumo umekuwa mzito kuliko ulivyoukuta, toka, panda juu, usirudi kuchukua kandambili. Usikae katikati ya mto kwenye jiwe kupiga picha wakati juu kumefunga. Mwenyeji akisema leo hatushuki, hamshuki, na usimwongezee hela ili akubali.

9. Mchana, mvua ikiwa imekushika, ndo wakati wa mapango na wahunzi.

Marangu kuna mahandaki ambayo Wachagga walichimba kujificha wakati wa vita na Wamasai, wao na mifugo yao. Unaingia umeinama, kuna vyumba, unaelewa kabisa watu waliishi kwa hofu gani. Mwenye hofu ya sehemu finyu abaki nje. Karibu hapo kuna makumbusho yenye nyumba ya kienyeji ya majani, ile ya duara inayoanzia chini mpaka juu, ng'ombe upande huu familia upande ule. Upande wa Mamba, jirani na Marangu, kuna wahunzi, mafundi chuma wa ukoo kwa ukoo, waliokuwa wanafua mikuki, bado wanapuliza mivukuto. Kama ni mpenzi wa historia muulize mwenyeji wako habari za Yohani Lauwo, mtu wa Marangu anayetajwa kwenye safari ya Mjerumani Hans Meyer ya 1889 kufika kileleni. Utapata hadithi ya saa zima na mvua itakuwa imekata.

10. Materuni, siku ya tatu.

Tokea Moshi mjini, gari za kwenda Uru Materuni zipo, ni kama kilomita 15 ila usihesabu kilomita, hesabu tope. Kukinyesha sana gari inaweza kukuishia njiani ukamalizia kwa miguu, kwa hiyo toka saa mbili asubuhi usitoke saa tano. Kutoka kijijini mpaka poromoko ni karibu saa moja kwa mwendo wa kupiga stori. Lenyewe ni refu, kama mita 80, na kipindi cha mvua upepo wake unakulowesha kabla hujalifikia. Simu kwenye kopo.

Ukirudi, kahawa. Usiiruke. Mnaitwanga kwenye kinu kuondoa ganda, mnapepeta, mnakaanga kwenye chungu juu ya kuni, mnatwanga tena, na yote hiyo ni kwa kuimba, ukishindwa kuitikia unapewa mchi uendelee kutwanga. Hii kahawa ndo iliyosomesha watu wa mkoa huu, ushirika wao wa KNCU ni wa tangu 1933. Nunua pakiti hapohapo kwa aliyeikaanga.

11. Kula na kunywa.

Agiza mtori asubuhi, unapasha mwili kuliko chai. Mchana machalari (ndizi kwa nyama), na ukikuta kiburu (ndizi na maharage) jaribu kidogo kwanza, siyo kila mtu anakipenda (mimi nilikipenda mara ya tatu). Mbege ni ya ndizi na ulezi, na uchungu wake unatoka kwenye gome la msesewe. Anayekukaribisha ataionja yeye kwanza, ndo adabu yake, usishangae. Kunywa baada ya matembezi na siyo kabla, kwa sababu inaingia taratibu kama uji, halafu miguu inakukana kwenye mteremko.

Mambo yanayoudhi wenyeji

Usikwanyue sale. Ni ule mmea wa majani marefu uliopandwa mipakani mwa vihamba na kwenye makaburi. Kwa Wachagga ni wa heshima kubwa, mtu aliyekosa anakuja na jani la sale kuomba msamaha na ni vigumu kumkatalia. Nimeona dada mmoja kajitengenezea taji la sale kichwani kwa ajili ya picha, wazee wakabaki wanatazamana tu.

Usikalie makaburi, hata kama yana vigae na yanaonekana kama benchi.

Usioshe matope ya viatu kwenye mfongo. Mfongo ni mfereji wa maji uliochimbwa na mababu kuleta maji kutoka juu mlimani mpaka kwenye vihamba, una zamu zake na wenye kuusimamia. Kuna mtu huko chini anamwagilia, chota maji ukaoshee pembeni.

Picha za watu omba. Za watoto omba kwa mzazi.

Ukikwama

Mvua haikati tangu asubuhi: Usishuke korongoni. Fanya hatua ya 9 yote, halafu nenda sokoni. Kama ni siku ya soko Mtoni utaona watu wengi kuliko maporomoko matatu.

Nguo na viatu havikauki: Havitakauka, zoea. Viatu vijaze magazeti usiku, badilisha magazeti kabla ya kulala. Omba ukae jikoni karibu na moto, hakuna atakayekukatalia, na huko ndo kuna stori.

Boda kagoma kupanda: Ana sababu. Ukimlazimisha mtaanguka wote. Shuka, mlipe kipande alichokufikisha, tembea.

Umeteleza na kifundo kimevimba: Usiendelee kushuka ukisema kitapoa. Kifunge khanga kwa kukaza, tumia fimbo, mtume mwenyeji kuita msaada juu. Kumbeba mtu kwenye ule mteremko ni kazi ya watu wanne, kwa hiyo wahi kusema ukiwa bado juu.

Mwongozaji kaongeza bei mwishoni: Rudi kwenye yale mliyotamka asubuhi, kwa upole, mbele ya mwenye gesti. Ndo maana nilikwambia upite kwake.

Tumbo limechafuka: Mara nyingi ni mbege ya kwanza au maji ya mtoni uliyoyaona masafi ukayanywa. ORS ya duka la dawa, mtori mwepesi, pumzika. Ikizidi siku moja au ukiona damu au homa, kituo cha afya moja kwa moja.

Mlima haujaonekana siku zote tatu: Pole. Siku ya kuondoka amka saa kumi na moja na nusu, toka nje hata kama unapiga miayo, geukia kaskazini. Ukiukosa na hapo, kaa dirishani kwenye gari ya kwenda Dar na uangalie nyuma mkishaacha Himo, kuna siku unajitokeza ukiwa umeshakata tamaa na konda anaanza kukusanya nauli.